Ugonjwa Usio na Mwenyewe

Siku Hafize alipofariki, binti yake Elvan ndiye aliyeshika birika la maji. Mwoshaji alikuwa bibi mmoja mnene wa kijiji cha pili, mwenye sauti ya chini, na alikuwa akimwelekeza: mwaga polepole, mwanangu, anzia bega la kulia. Shuka la kusitiri lilikuwa limelowa na kuwa zito. Maiti ilipogeuzwa ubavu, shuka liliteleza, na Elvan akaliona ziwa la kushoto la mama yake. Lilikuwa gumu na limenywea ndani kama ganda la mkate uliosahaulika kwenye tanuri, na kipande cha kitambaa kilikuwa kimeganda juu yake.

"Hilo si la kutazama," mwoshaji alisema, akavuta shuka haraka.

Lakini Elvan alikuwa ameshatazama. Tangu utoto alikuwa mtu wa kutazama. Baba yake, dada zake watatu, hata daktari wa kituo cha afya, hakuna aliyekuwa ameambiwa kitu. Mama alisema ni mgongo, na wote wakaamini ni mgongo. Elvan naye alikuwa na siri yake siku hiyo: alikuwa na mimba ya miezi miwili, na katika kijiji chao mwenye mimba haoshi maiti. Kama angesema, wangemnyang'anya birika.

Walimzika Hafize mchana, theluji ikiwa bado imelala kando ya kaburi. Halua ya unga ikakorogwa, watu wakala, wakaondoka.

Mwezi wa nne, mizabibu ilipoanza kuchipua, Elvan alikuta uvimbe kwenye ziwa lake la kulia. Ulikuwa upande wa kwapani, mkubwa kama jozi, na baada ya wiki moja ukawa kama yai. Ngozi ya juu ikawa nyekundu na ya moto. Kisha likatokea jambo lililomshangaza zaidi: miguu yake, mbele ya muundi, ikatoa vinundu vyekundu vinavyouma kama amegongwa na jiwe. Akawa anakaa kitandani na kuviangalia, mara mguu, mara ziwa, akijiuliza hawa wawili wamejuana wapi.

Hakumwambia mtu siku nne. Siku ya tano alijishtukia amekunja kitambaa ili akiweke ndani ya nguo. Akakitupa, akaenda jikoni kwa mama mkwe wake.

"Mama, nitazame hapa."

Döndü alikuwa akikanda unga. Alitazama, akafuta mikono, akatazama tena. Bekir, mume wa Elvan, aliingia wakati huohuo kutoka kwenye tanuri la matofali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Labda ni maziwa yanawahi," alisema.

"Maziwa ya mimba ya miezi minne!" Döndü akamcheka. "Wewe choma matofali yako, mwanangu. Maziwa tuachie sisi."

Daktari kijana wa kituo cha afya alimpa vidonge vya antibayotiki vya siku kumi. Vilipokwisha akampa vingine vya siku kumi. Uvimbe ulivila vyote kama anayekula karanga.

Döndü akaamua kumpeleka kwa Bibi Kezban. Kila kijiji pale kina nyumba yake ya dawa: nyumba ya chunjua, nyumba ya ugonjwa wa manjano, nyumba ya watoto wanaoshtuka usingizini. Nyumba ya Kezban ilikuwa ya maziwa. Mama mkwe wake alikuwa amemwachia mkono wa uponyaji, na mama mkwe wa huyo alimwachia yeye, pamoja na chanuo la mti mgumu uitwao mshamshiri lililokuwa jeusi kwa mafuta ya miaka. Hakupokea malipo. Ulimletea chumvi kiganja kimoja, basi.

"Kaa," alisema Kezban. "Uma kilemba chako. Ukipiga kelele napoteza hesabu."

Akasoma, akapuliza, akalichana lile ziwa kutoka kwapani kuelekea kwenye chuchu, mara arobaini na moja. Alikuwa ameponya wanawake wengi kwa njia hiyo, wenye watoto wachanga na maziwa yaliyoganda. Maziwa yalikuwa yakishuka, mama akalala usingizi. Elvan aliuma kilemba mpaka akasikia ladha ya uzi. Hata hivyo, katikati ya maumivu alijikuta akihesabu naye, na kujiuliza kwa nini arobaini na moja, si arobaini.

Asubuhi ya tatu ziwa lilipasuka. Ulitoka usaha mzito, na maziwa hata tone hayakuwamo. Kezban alikuja mwenyewe bila kuitwa, akaomba kitambaa kilichopangusa usaha, akakinusa, akakikunja.

"Hili si langu, Döndü. Chanuo langu linajua maziwa. Hiki kitu hakina maziwa. Mpeleke hospitali ya mkoa, na mimi nisamehe, binti, nimekuumiza bure."

Döndü alikasirika njia nzima ya kurudi ndani, ingawa njia yenyewe ilikuwa ya kutoka ukumbini mpaka jikoni. "Anajivua jukumu! Nyumba ya dawa inajivua!"

Aliyempeleka Elvan mkoani alikuwa jirani yao Hanife, mjane mwenye pikapu ya bluu. Mwezi wa tano na wa sita, nyumba zote za pale huchuma majani ya mzabibu ya kupikia na kuyapanga ndani ya mapipa ya maji ya chumvi; Hanife aliyakusanya na kuyapeleka kwa wanunuzi kila Jumanne. Alikuwa na macho ya kijani mepesi kama maji ya mto, na ulimi wa kuchekesha.

"Jishike, mama wa watu. Breki nazo zina mimba."

Katika chumba cha uchunguzi walikuwamo watu saba: Daktari Nilgün, muuguzi, na wanafunzi watano wa udaktari waliojipanga ukutani. Mmoja wao alikuwa na chunusi na hakujua aweke macho wapi. Elvan alilala na ziwa wazi, akatamani dari ishuke imfunike. Daktari akamuuliza kama wanafunzi wabaki au watoke.

Elvan akafikiri. "Wameshawahi kuuona ugonjwa huu?"

"Hapana. Si wa kila siku."

"Basi wabaki. Ila hicho kioo cha mashine kigeuzeni, nami nione."

Walikigeuza. Kwenye picha ya ultrasaundi aliona vijia vyeusi ndani ya nyama, kama njia za fuko chini ya bustani. Kisha Daktari Nilgün akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Miguu yako inauma? Hapa mbele?"

Elvan akainuka nusu. "Umejuaje?"

"Nionyeshe." Alipoviona vile vinundu, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekutana na anayemfahamu barabarani. "Vinaandamana, mara nyingine. Miguu na ziwa. Lakini sitasema kitu mpaka nipate kipande cha nyama. Naweza kukutia ganzi, nikaingiza sindano. Haimdhuru mtoto."

"Ni saratani?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kipande."

Elvan alikuwa hajawahi kumsikia daktari akisema sijui. Akamwamini.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Daktari alikuwa ametaja kwamba watapima pia kifua kikuu, na Elvan, kwa ukweli wake, akalisema hilo nyumbani. Kesho yake asubuhi alikuta bilauri yake ya chai imewekwa peke yake kwenye ukingo wa dirisha, na kijiko chake ndani yake. Döndü ndiye aliyeiweka. Dada yake Döndü alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka kumi na tisa. Ceylan, binti yake Elvan wa miaka minne, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kwa nini bilauri ya mama imeadhibiwa?"

Bekir aliirudisha kabatini. Jioni ilikuwa dirishani tena.

Siku ya majibu Bekir aliomba ruhusa kazini na kwenda naye. Daktari Nilgün aliweka karatasi mezani.

"Si saratani. Si kifua kikuu. Hakuna kijidudu chochote tulichokiona. Ni uvimbe wa mwili kujipiga wenyewe: walinzi wa nyumba wamekamatana gizani, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwizi. Una jina refu, nitakuandikia."

"Ameutoa wapi?" Bekir akauliza.

"Hatujui."

"Hamjui nyie wa hapa, au?"

"Hatujui duniani kote. Huwapata zaidi wanawake waliozaa miaka michache nyuma. Tunajua hivyo tu."

Bekir alijikuna shingo, vumbi jekundu likaanguka kwenye karatasi. "Basi likate hilo ziwa, daktari. Likate lote, apone, tulee watoto wetu."

"Nikilikata leo, nampa mwenye mimba kidonda kikubwa, na ugonjwa huu una tabia ya kurudi hata baada ya kisu. Kuna dawa kali tunayowapa wengine, hiyo inaharibu mtoto tumboni, siigusi. Kuna nyingine ninayoweza kumpa kidogo kidogo ikibidi, tukiangalia sukari yake. Kwa sasa aje kila Jumanne. Nitanyonya usaha kwa sindano, nitapima, nitatazama mtoto. Tutasubiri."

"Tusubiri nini?"

"Uchoke. Mara nyingi huchoka wenyewe. Miezi sita, mwaka, zaidi."

Bekir alimtazama mkewe kama anayetafuta mtu wa kumsaidia kubishana. Elvan alikuwa akisoma lile jina refu, silabi moja moja, akisogeza midomo.

"Nitasubiri," alisema. "Ila lisikatwe mpaka mimi niseme."

Majani yalikuwa yamekomaa. Uwanjani kwa Döndü walikaa wanawake sita kuzunguka rundo, wakiyapanga, ishirini na tano kwa fungu, mikono imelowa na midomo haipumziki. Elvan alikuwa amelala ndani, dirisha wazi.

"Mkwe wako ana nini hasa, Döndü?"

"Uvimbe."

"Wa nini?"

"Daktari hajui."

Kicheko kikapita kwenye duara. "Daktari hajui! Anasoma miaka kumi asijue?"

"Au anajua na nyinyi hamtaki kusema," alisema mwanamke aitwaye Saniye, bila kuinua macho kwenye majani. "Watu wanasema kifua kikuu. Mnunuzi akisikia, pipa la nani litanunuliwa? Majani tunayapanga uwanja mmoja."

Wawili walikuwa wameacha kufunga mafungu. Mmoja akaanza kufuta mikono kwenye aproni, kama anayetaka kuondoka. Döndü aliyatazama majani ya nyumba yake, kazi ya mwaka mzima, yakinyauka juani.

"Ni jicho," alisema.

Mikono yote ikasimama.

"Jicho gani?"

"Jicho la husuda tu. Mkwe wangu mzuri, ana mimba, ana ngozi kama maziwa. Anapanda gari na watu, anatazamwa."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kijiji kizima kilikuwa na jozi moja tu ya macho ya kijani, na rangi hiyo ndiyo iliyosemwa ina husuda. "Eeeh," wanawake walisema, kwa faraja kubwa, na mikono ikarudi kwenye majani. Saniye akashauri moshi wa mbegu za harmala, mwingine akashauri madini ya risasi yayeyushwe na kumwagwa majini juu ya kichwa chake. Walimaliza mapipa mawili kabla ya alasiri.

Ndani, Elvan alikuwa amepitiwa na usingizi, hakusikia.

Jumanne iliyofuata alisimama langoni na mfuko wake toka saa moja. Pikapu ya bluu haikuja. Akadhani imeharibika. Jumanne ya pili aliisikia ikipita barabara ya juu, ile ya kuzunguka, bila kusimama. Siku hiyo ziwa lilikuwa limejaa na kung'aa, na alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili mwezi wa sita. Bekir alikuwa zamu. Tanuri likishawashwa haliachwi, na simu yake ilikuwa ndani ya koti alilolitundika mbali na moto.

Döndü alileta maji, akashika paji la uso la mkwe wake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Hanife haji kwa sababu yangu," alisema.

Akaeleza yote. Wanawake walikuwa wakimwaga chumvi nyuma ya Hanife akipita. Mtu alimtundikia shanga ya bluu ya kukinga jicho kwenye kioo cha gari lake, kwa nje. Nyumba nne zilikuwa zimekataa kumpa mapipa.

Elvan alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulikuwa na jibu la kweli, Mama."

"Jibu la kweli halikuwa na mwenyewe! Sijui, sijui, nani anakubali sijui? Walitaka kuondoka. Nikawapa kitu wakatulia."

"Umewapa Hanife."

Döndü alivaa viatu vyake vya mpira, akavuka uwanja, akapanda mpaka kwa Hanife, na Elvan akamfuata akishika ukuta. Hanife alifungua mlango nusu.

"Karibuni. Simameni hapo hapo lakini, nisije nikawatazama."

"Mwanangu, nimekukosea," alisema Döndü.

"Hapana, Mama Döndü, umenipandisha cheo. Juzi nimeambiwa nimemkausha na ng'ombe wa imamu. Nguvu zote hizi nilikuwa nazo, na mume wangu alikufa deni la trekta linamtazama!" Alikuwa anacheka, lakini mlango hakuufungua zaidi. Kisha akamwona Elvan vizuri, ule wekundu wa shavu na meno yanayogongana. Akachukua funguo. "Ingia garini. Kukukasirikia nitakukasirikia njiani."

Daktari Nilgün alitoa usaha uliojaa kikombe. Moyo wa mtoto ulikuwa unakimbia vizuri, dup dup dup, na Elvan akaomba asikilize mara ya pili. Walimlaza siku tatu. Wakamwanzishia ile dawa ya kidogo kidogo, wakampima sukari asubuhi na jioni. Bekir alifika usiku na nguo za kazi, akasimama mlangoni mwa wodi, hawakumruhusu kukaa.

"Sasa je? Bado hukitaki kisu?"

"Bado."

"Elvan, mimi naogopa."

"Na mimi pia. Lakini naogopa na jina lake ninalijua. Nenda ukalale."

Aliporudi nyumbani majani ya mwisho yalikuwa uwanjani. Wanawake walikuwa walewale sita, na Kezban wa saba, aliyekuja kuomba majani machache ya chakula chake. Döndü alisimama katikati ya duara, mikono kiunoni.

"Nilisema ni jicho. Nilidanganya. Hanife hajafanya kitu, mapipa yenu mtampa yeye, na shanga ile aliyeitundika akaitoe mwenyewe."

"Basi ni nini?" Saniye akauliza.

"Hakuna anayejua."

"Tumerudi palepale!"

"Mwenye mimba aliosha maiti ya mama yake," sauti nyingine ikasema. "Mimi nilihesabu miezi. Huzuni imemwingia ziwani."

"Dada zangu watatu walimlilia pia," alisema Elvan. Alikuwa ametoka mlangoni. "Wao haijawaingia. Niliwaza hilo kabla yenu, nikaliuliza hospitali. Hapana."

Aliwakuta wote wamemkodolea macho. Lango lilikuwa limefungwa na wanaume walikuwa kazini. Akafungua vifungo, akatoa bandeji, akawaonyesha: lile ziwa la kulia lenye wekundu wa zambarau, matundu mawili madogo, na kovu la chanuo. Mtu mmoja akageuka. Wengine hawakugeuka. Baada ya muda hata aliyegeuka alirudi kutazama, maana kitu hicho kikitazamwa kilikuwa nyama tu, nyama ya mtu inayouma.

"Linaambukiza?"

"Hapana. Nimeuliza mara tatu."

Kezban alisogea, akavaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Miaka arobaini nimewaona wawili wa hivi," alisema. "Niliwachana wote. Walipopasuka nikasema hawakutulia, hawakunyamaza, walikata hesabu yangu." Akavua miwani. "Mmoja wao bado yu hai."

Saniye alikuwa ameshika fungu la majani bila kulifunga, na maji ya chumvi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mimba ya pili," alisema Saniye. "Mume wangu alikuwa jeshini. Lilivuja miaka miwili."

Elvan alikaa chini kando yake, vifungo bado wazi. "Miguu iliuma? Hapa mbele?"

Saniye akamgeukia polepole. "Umejuaje?"

"Ziwa lipi? Uliacha kunyonyesha lini? Ngoja, ngoja, usiendelee." Akamwita Ceylan amletee kalamu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kiume, kilo tatu na gramu mia moja. Sasa ana miezi saba. Anapata maziwa ya ziwa la kushoto, na usiku anaongezewa chupa. Tundu moja la ziwa la kulia limefunga. La pili hufunga wiki tatu, likafunguka tena. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi Elvan na Saniye hupanda pikapu ya Hanife kwenda mkoani. Daktari Nilgün huwatazama wote wawili na kuandika, na mpaka leo hajui unatoka wapi.